Themometa ya kwapani: nimeacha kuamini mkono kwenye paji la uso

Hii themometa ndogo ya kidijitali ya kuweka kwapani nimekaa nayo miezi minne na kwa kweli imenisaidia sana. Mimi nilikuwa wa kugusa paji la uso tu, mtoto akiwa wa baridi basi nalala zangu. Sasa usiku mmoja mwanangu anatetemeka, meno yanagongana, viganja na nyayo baridi kabisa, nikasema huyu anasikia baridi nimwongezee blanketi, ila nikaona ngoja nipime, nikambana mkono mpaka ikalia pii pii: 38.4. Nilishtuka! Baada ya saa moja ikafika 39.2 na hapo ndo viganja vikaanza kuwa vya moto.

Daktari akaja kunielewesha. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, hiyo ndo inapanga mwili uwe na joto kiasi gani, kawaida ni kama nyuzi 37. Ukiugua inapandisha kile kiwango, kwa hiyo mwili wenye 37 unajiona umepoa, unabana mishipa ya damu ya kwenye ngozi joto lisipotee na misuli inatetemeka ili litengenezwe jingine. Ndo maana nje baridi huku ndani joto linapanda! Homa ikianza kushuka mishipa inatanuka, jasho linatoka, na jasho likikauka linaondoka na joto. Alfajiri shuka lake lilikuwa limelowa chapa na kipimo kinasoma 37.1, nikashusha pumzi.

Nimejipima na mimi nikiwa mzima, alfajiri 36.2 jioni 36.8, msiogope ni kawaida, joto la mwili hupanda na kushuka ndani ya siku.

Kasoro yake kioo hakina taa, usiku lazima umulike na simu. Kwapa lifute jasho kwanza na ncha iguse ngozi sio nguo. Kabla ya hii nilikuwa na ile ya bastola ya kuelekeza kwenye paji, ile inasoma ngozi ya juu tu, mtoto akiwa na jasho inakupa namba ya chini na wewe unatulia bure.

Ila wenye vichanga chini ya miezi 3, ikisoma 38 usisubiri kupima tena, nenda hospitali hapo hapo.

Nyota 4, moja nimeitoa kwa ajili ya taa.