Kambi ya bure Flat Tops, Colorado: mahali nyota 5, majirani nyota 2

Wabongo, Wakenya na Wakongo mlioko Denver na Aurora, kila mwaka mnaniuliza wapi mtu anaweza kupiga kambi msimu wa kuwinda elki (mnyama mkubwa jamii ya kulungu) bila kulipia kambi. Jibu langu ni hili: Flat Tops Wilderness, pori linalolindwa na sheria ndani ya msitu wa taifa wa White River. Nimerudi juzi tu na shemeji yangu, tumelala usiku sita, jaketi bado linanuka moshi.

Kutoka Denver ni kama masaa matano mpaka maeneo ya Trappers Lake, unapita mji wa Meeker alafu unapanda na bonde la mto White mpaka lami inaisha unabaki na changarawe. Kambi ya porini hulipii, kikomo kwenye misitu mingi ya taifa ni siku 14, ila leseni ya elki ndo utailipia na hela yake inauma. Pako juu sana, karibu mita 2,900, usiku wa Oktoba chupa ya maji ukiiacha nje asubuhi ni barafu tupu kwahiyo lala nayo. Na kabla hujatandika hema angalia juu, kuna miti mingi mikavu iliyobaki imesimama tangu ule moto mkubwa wa 2002, upepo ukija inaanguka bila kupiga hodi.

Mahali penyewe aisee ni pazuri mpaka unanyamaza. Mwaka 1919 serikali ilimtuma bwana mmoja anaitwa Arthur Carhart apime viwanja vya nyumba za mapumziko kuzunguka ziwa, yeye akapima kama alivyoagizwa alafu akarudi akawaambia mabosi wake pale pasijengwe, na kweli zile nyumba hazikujengwa. Ukiingia ndani ya eneo lenyewe injini ni marufuku, msumeno wa mota marufuku, baiskeli marufuku, hata toroli la kubebea nyama marufuku. Elki dume anafika kilo 300 na zaidi, mfikirie pofu wa kwetu, alafu mfikirie yuko mgongoni kwako kwa awamu nne unapanda kilima. Mwenye farasi anapumzika kidogo.

Sasa nije kwenye majirani maana hapo ndo nimekatia nyota.

Siku ya kwanza mchana tunachemsha chai tukasikia mtu anakohoa kwa mbali, kimya, akakohoa tena. Ni mzee mmoja kasimama kule kwenye miti, kavaa kofia yake ya rangi ya chungwa (kwa sheria ya Colorado msimu wa bunduki lazima kofia na inchi za mraba 500 za rangi hiyo au pinki), bunduki ameifungua unaona kabisa chemba iko tupu, na hasogei mpaka tumemkaribisha. Alichokuja kuuliza ni kitu kimoja tu, kesho alfajiri nyie mnaelekea upande gani, ili yeye aende upande mwingine tusifukuziane wanyama. Nikamwambia mzee wangu, hicho ulichofanya pale kwenye miti kwetu kinaitwa hodi. Akalirudia neno mara tatu mpaka likamkaa. Aliposikia natokea Tanga akaniambia Theodore Roosevelt, yule aliyekuwa rais wa Marekani, aliwinda simba wa milimani (puma) hapo Meeker mwaka 1901, na 1909 akashuka Mombasa kuja kuwinda kwetu. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akashukuru, akaondoka.

Usiku wa pili wakaja watu wanne na farasi. Bonde zima liko tupu, wao wakaona pazuri ni hatua thelathini kutoka kwenye hema letu, saa tano usiku, kelele, na farasi wakafungwa kwenye miti pembeni kabisa ya kijito tunachochota maji. Saa kumi alfajiri taa za kichwani zote full zinapiga ndani ya hema letu kama polisi wamekuja. Jamani taa nyekundu ipo kwenye tochi karibu zote siku hizi, ni kubonyeza tu! Siku ya nne walipata jike, hongera zao, nyama wakatoa vizuri kwa kweli, ila mbavu na utumbo wakaviacha hatua ishirini juu ya maji. Dubu weusi wapo huko na harufu inawaita. Sisi nyama tuliitundika kivulini mbali na hema, chakula kama mita 90, na choo tulichimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na tishu zote tukarudi nazo kwenye mfuko. Uzito wa hiyo mifuko hata haufiki wa kopo moja la maharage, sielewi mtu anashindwaje.

Ila kilichoniuma zaidi ni moto. Waliondoka asubuhi ya siku ya mwisho, mimi nikapita pale nione kama wameokota makopo yao. Hawajaokota, yamo kwenye majivu pamoja na foili. Nikaweka kiganja juu ya majivu nikakitoa haraka, chini kuna makaa mekundu kabisa, na upepo unatoka magharibi kwenye ile miti mikavu. Sufuria letu ni la lita mbili. Shemeji anachota, mimi namwaga na kukoroga na kijiti, mvuke unapanda, nagusa, bado, anarudi kijitoni. Safari ya sita au ya saba hivi nikasikia sauti kutoka kwenye miti, imepinda kidogo lakini neno ni lenyewe: "Hodi!" Ni yule mzee, ameona mvuke kutoka kambini kwake, amekuja na ndoo ya turubai mkononi imejaa.

Karibu mzee wangu, nikamwambia, mwaga hapa kwanza.