NASM na neno extern: wiki tatu za jasho Sinza

Nimeitumia NASM, asembla inayogeuza msimbo wa asembli kuwa lugha ya mashine, wiki tatu, kwenye laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, nikiandika kakeneli (kiini cha mfumo endeshi) ka biti 32. Ni ya bure, nyepesi, wala haikula bando. Kwenye kuiweka sina la kusema.

Jasho lilinitoka kwenye katizo la kibodi, yaani ishara inayoisimamisha CPU kwa muda ishughulikie kitufe kilichobonyezwa. Mfano niliokuwa nafuata ulikuwa na mstari extern kibodi_kuu, chini yake call kibodi_kuu. Nikalitafuta hilo jina faili zima, halipo. Kumbe extern haileti kitu; inaiambia tu asembla kwamba jina hili lina mwenyewe katika faili lingine, hapa kwangu ni funksheni iliyo kwenye faili la lugha ya C. NASM huacha pengo kwenye faili la .o inalolitoa, linka (programu inayounganisha mafaili hayo) ndiyo huja kulijaza anwani. Ndiyo maana hata ukikosea herufi kwenye extern na call zote mbili NASM inakunyamazia, halafu linka inakuumbua: undefined reference.

Hapo zikanipotea siku mbili. Natumia MinGW, kompaila ya C, kwenye Windows, na huko C ya biti 32 huongeza kistari cha chini mwanzoni mwa jina, kwa hiyo linka ilikuwa inamjua _kibodi_kuu. Jirani yangu anayetumia Linux, faili lilelile kwake lilipita. Akaniambia, "Kaka, piga nm uone." Hiyo ni amri inayoorodhesha majina yaliyomo kwenye faili la .o. Nikapiga: jina langu limesimama na herufi U (undefined), yatima.

Mwanzoni nilijiuliza kwa nini nisiandike yote kwa C. Funksheni ya C hurudi kwa ret, katizo linataka iret, basi asembli inakaa mlangoni: pusha (hifadhi rejista), call (ita C), popa (zirudishe), iret. Na mlango huo utangazwe global, yaani uonekane na mafaili mengine, la sivyo C haitaipata anwani yake ya kuiweka kwenye IDT, jedwali la anwani za makatizo. Kila nafasi ya IDT ni baiti 8 na anwani hukatwa vipande viwili vya biti 16. Nilitaka NASM inikatie kwa >> 16 (kusogeza biti 16 kulia), ikagoma, kwa kuwa kabla ya linka anwani yenyewe haijulikani. Nikaikatia kwenye C.

Mtu wa kuanza kabisa nisingempa. Anayejua C kidogo, aichukue.

Jana usiku nilibonyeza herufi a kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta, ikatokea. Nikabonyeza tena, kimya. Sikuwa nimeiandikia PIC, chipu inayopeleka makatizo kwa CPU, thamani 0x20 kuiambia nimemaliza. Hilo la kwangu, si la NASM.