Uzoefu wangu na pakiti nne za "maziwa" ya mimea: soma ubavuni kabla ya kulipa

Nimetumia kwa zamu pakiti za lita 1 zinazouzwa kwenye supamaketi za Mikocheni na Masaki: ya soya, ya lozi, ya oti na ya nazi. Chapa sizitaji, maana kasoro nyingi hapa ni za aina yote ya bidhaa hizi.

Nianze na jina. Kibandiko cha bei rafuni kinasema "maziwa ya soya", lakini pakiti yenyewe, kama imetoka Ulaya, imeandikwa kinywaji cha soya tu. Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya TofuTown ya Ujerumani, iliamua kuwa neno maziwa ni la kilichokamuliwa kwa mnyama, ukiacha majina machache yaliyozoeleka. Marekani ni tofauti: rasimu ya mwongozo ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ya Februari 2023 iliruhusu neno hilo liendelee kutumika, ikashauri pakiti itaje virutubisho vilivyopungua ukilinganisha na maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana vinywaji viwili vya namna moja hukaa rafu moja hapa Dar, kimoja kikijiita maziwa na kingine kisijiite. Jina la mbele halikusaidii kuchagua. Igeuze pakiti, utafute asilimia ya kiungo chenyewe na gramu za protini kwa mililita 100.

Ya lozi ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ubavuni imeandikwa lozi asilimia 2.3. Yaani lita nzima ina gramu 23, kama punje ishirini hivi. Zilizochorwa mbele ya pakiti ni nyingi kuliko zilizomo ndani. Protini ni nusu gramu kwa mililita 100, wakati maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Na lile tangazo kubwa la "haina kolesteroli" lisikushawishi: hakuna kinywaji cha mmea chenye kolesteroli ya kuhesabika.

Ya oti ni tamu na nzito, na kwenye kahawa inapendeza. Ila wenye kisukari wawe makini na maneno "bila sukari iliyoongezwa". Kiwandani oti husagwa na maji, kisha vimeng'enya huvunja wanga wake kuwa sukari iitwayo maltosi. Hakuna aliyeongeza kijiko, lakini kwenye jedwali utakuta gramu 3 au 4 za sukari kwa mililita 100.

Ya soya ndiyo ninayoirudia. Protini yake ni kama gramu 3, na hiyo pekee ndiyo inayokaribia maziwa ya ng'ombe. Hakikisha imeongezwa kalsiamu (miligramu 120 kwa mililita 100 inatosha) na vitamini B12. Kalsiamu hiyo huzama: pakiti isipotikiswa, ile glasi ya mwisho inatoka na ungaunga mweupe kama chaki, na waliotangulia wamekunywa bila kuipata. Tikisa kila unapomimina, si mara ya kwanza tu.

Tatizo lake ni chai. Ukichemsha soya pamoja na majani na tangawizi, inakatika na kuacha mabonge, kwa sababu protini ya soya haivumilii uchachu na moto mkali kwa pamoja, na tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Chemsha maji, majani na tangawizi peke yake dakika tano, epua, subiri dakika mbili. Pasha soya sufuria nyingine bila kuifikisha kwenye kuchemka, kisha mimina chai juu ya soya polepole. Pakiti iliyoandikwa "barista" hukatika kwa shida zaidi, kwa kuwa imetiwa fosfati ya kupunguza uchachu.

Ikishafunguliwa iwe kwenye friji, na kwa joto la Dar usizidishe siku nne. Umeme ukikatika usiku kucha, imwage.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hakuna hata moja kati ya hizi inayoshika nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga. Onyo hilo, kwenye pakiti nilizoziona, limeandikwa kwa herufi ndogo kabisa karibu na mshono wa chini. Lingewekwa mbele, palipo na ile picha.

Imebaki ya nazi. Kuiita "maziwa ya nazi" ni kupotosha mara mbili, maana sisi kitu cha nazi tuna jina lake, tui, na hiki cha pakiti si tui. Kina mafuta ya asilimia 1 au 2, mengine ni maji na vya kuzuia visitengane. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinalitaka tui la kopo la kawaida liwe na mafuta asilimia 10 au zaidi. Ukikitia kwenye wali, mchele utaiva, lakini ladha ya nazi hutaipata. Kinywe kikiwa baridi. Kwa wali na mchuzi wa samaki, nunua nazi ukaikune.