Boksi la slaidi za ini la Kariakoo: homa ya ini B safi, C majanga

Nimelipa 85,000 kwa boksi la slaidi sita za ini za kuangalia kwa maikroskopu, duka moja la vifaa vya maabara pale Kariakoo jina silitaji, na nimekaa nalo wiki ya tatu sasa. Kilichofanya nisijute ni slaidi namba 3, homa ya ini B sugu, na mwenzake namba 4.

Hiyo aisee ni hatari. Ukianza na lenzi ya 10 unaona ini la pinki lenye visiwa vya bluu, hiyo bluu ni limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu za kinga, zimejazana pale kwenye pota, yaani pale mshipa, ateri na kimrija cha nyongo vinapokaa pamoja, halafu ukisogeza taratibu unakuta hazijatulia kwao, zimevuka ule mstari wa mwisho wa seli za ini zinazitafuna za pembeni. Weka 40 sasa. Kuna seli zinafanana na kile kioo cha ukungu cha dirisha la bafuni, rangi imefifia imetulia, ndani zimejaa protini ya ganda la kirusi, ile ile HBsAg tunayopima kwenye damu, mpaka kiini kimebanwa pembeni. Hilo jina la kioo nilikuwa nimelikariri tu mwaka mzima, siku nimeziona nikacheka peke yangu. Jirani yake kuna moja imesinyaa, pinki imekolea, kiini kimebaki kidoti, hiyo imeshakufa.

Namba 4 ni ini hilo hilo ila limepakwa rangi ya oseini, zile seli za kioo zinatoka kahawia. Wamefikiria hapo, maana kuna dawa nazo zinaweza kufanya seli zifanane hivyo hivyo ukakosea.

Sasa namba 5, homa ya ini C, ndo nilichoka. Nyama imejikunja halafu kuna povu la hewa limekaa juu ya pota, yaani penyewe ambapo ungetafuta mafundo ya limfosaiti, ambayo ndiyo alama ya C. Nimeambulia matone ya mafuta tu, ambayo yanaonekana vitobo vyeupe kwa sababu mafuta yenyewe yalishayeyushwa na zailini, kemikali ya kuandalia slaidi. Namba 6 ni ya makovu, yalitakiwa yawe bluu ya kukolea, yamepauka kama kanga ya zamani, ila vinundu vya sirosisi, yaani ini lililoharibika kwa makovu, unaviona. Namba 1 na 2 ni ini lenye afya, sina neno.

Nikarudi dukani. Dada akanijibu, "Mdogo wangu slaidi hazirudishwi, ungeziangalia hapa hapa." Niziangalie na nini sasa, duka zima hakuna hata maikroskopu moja iliyotolewa kwenye boksi!

Nyota 3 kati ya 5, na hizo zote za namba 3 na 4. Mwenye slaidi ya C inayoonyesha mafundo vizuri, hata iliyotumika, nachukua.