Fundi mabegi wa Soko Kuu Mtwara: kazi yake imetupeleka Nepal mpaka Fiji na kuturudisha

Toka turudi kila mtu anauliza picha, anauliza nauli za ndege, anauliza tulikuwa tunakula nini, mi nataka niongelee mabegi. Miezi saba, nchi nane, kitu pekee ambacho hakikutoka mgongoni ni yale mabegi mawili, na yameshonwa hapahapa Mtwara na fundi ambaye watu wanampita kila siku wakienda kununua samaki bila hata kugeuza shingo.

Mimi na mume wangu tulijichanga miaka mitano, hela ya korosho ikitoka mnadani tunatoa yetu kwanza kabla haijaanza kuitwa na ada na bati na shughuli za ukoo. Ilipofika tukaanza kutafuta mabegi ya mgongoni, yale makubwa yenye mkanda wa kiunoni, tukaenda mpaka Dar tukaulizia. Begi jipya la lita 60 la kampuni inayojulikana laki sita, lingine laki saba, na sisi tuko wawili kwa hiyo piga mara mbili. Tukarudi zetu kusini na mikono mitupu. Wiki ileile mtumba ukafunguliwa belo la mabegi nikayaona mawili, la lita 65 kwa 40,000 na la lita 55 kwa 35,000, chuma za mgongoni nzima hazijapinda, ila zipu zimekufa, la mume wangu mkanda wa bega umeng'oka kabisa na chini kitambaa kimeoza unatoboa na kidole.

Muuza mtumba ndo akatuelekeza kwa fundi. Yuko nyuma ya soko upande wa wauza kamba na magunia, kibanda cha mabati, cherehani moja nyeusi ya chuma ile ya kushonea ngozi, na ndoo imejaa vipande vya mikanda. Tukamsalimu shikamoo mzee, marahaba wanangu, akalipokea begi akaligeuza ndani nje kabla hajasema neno. Halafu akauliza, hili linakwenda wapi? Tukamwambia Nepal, India, Thailand, Vietnam, Malaysia, Singapore, New Zealand, Fiji. Akaendelea tu na maswali yake. Litapanda boti? Litapanda juu ya gari au litakaa buti? Huko kuna mvua ya namna gani? Mtatia kilo ngapi? Nani kati yenu anaumwa mgongo? Jamani mi nimenunua mabegi madukani toka nasoma sekondari sijawahi kuulizwa swali hata moja kati ya hayo.

Kazi aliyofanya niieleze vizuri maana ndo ninayoisifia. Zipu zote alizing'oa akaweka za meno makubwa ya plastiki, nikamuuliza kwa nini asiweke za chuma si ndo imara, akaniambia mwanangu sisi watu wa pwani, chuma na chumvi haviishi nyumba moja. Chini akakata kile kitambaa kilichooza akashona turubai la lori mara mbili, katikati akapitisha kipande cha gunia la juti ili lisisage kwenye sakafu. Mikanda ya mabega hakuitia kwenye cherehani kabisa, alikaa na shazia na uzi wa nailoni aliousugua nta, akashona kwa mkono kile kiboksi chenye msalaba katikati, kila mkanda mara tatu. Nyuma ya sponji ya mgongoni akatuwekea mfuko wa siri wa paspoti ambao ukilivaa begi hakuna mkono unaoingia. Na pembeni chini akaweka chumba cha viatu peke yake, cha turubai, kina mlango wake. Huo mlango nitaurudia.

Alipomaliza akatia mawe ndani akalitundika kwenye boriti usiku kucha. Asubuhi tulikuta bado linaning'inia. Bei ya mabegi yote mawili pamoja na vifuniko vya mvua ilikuwa 48,000.

Sasa ubaya wake nao niuseme. Alituambia siku mbili, zikawa sita. Siku ya saba sisi tuna basi la Dar saa kumi na mbili asubuhi na jioni ya kuamkia siku hiyo bado alikuwa anamalizia kifuniko kwa taa ya simu ya mume wangu. Nilikasirika sana siku ile. Ukimpelekea kazi mpe wiki mbili kabla, hata kama amekuahidi keshokutwa.

Tuliondoka mwanzoni mwa Oktoba, tukaanzia Nepal kwa sababu miezi hiyo ndo anga linakuwa safi kule milimani. Tukazunguka milima ya Annapurna na kiongozi wetu, njia inapanda siku baada ya siku mpaka kwenye kipito cha Thorong La, pale unapovukia kati ya milima, mita 5,416, yaani unabakiza kama mita 480 tu uwe sawa na kilele cha Kilimanjaro chetu. Mimi nimezaliwa Mikindani, baridi ninayoijua ni ya Juni asubuhi ukitia mguu baharini, kule maji ya chupa yaliganda ndani ya chumba. Hewa nyepesi unatembea hatua kumi unasimama. Mgongoni nina kilo 11. Mkanda wa kiunoni ndo unabeba uzito sio mabega, hilo fundi alilijua ndo maana alinipima kiuno kwa kamba kabla hajaushona, na kwa kweli siku ile ya kipito kitu ambacho sikukifikiria hata mara moja ni begi. Mume wangu yeye alikuwa na kibegi kidogo cha ziada cha mbele, kipya cha dukani, sitaji duka, alinunua 45,000. Siku ya kumi na moja mkanda ulikatika njiani vitu vikamwagika kwenye mteremko, tukapoteza glavu moja na sufuria. Alikaa kwenye jiwe kimya muda mrefu. Hapo mabegi ya mzee yana kilo mara tatu ya kile kibegi na hata uzi haujalegea.

India tuliingia Novemba, kusini Kerala mvua za msimu wa pili bado zinapiga. Treni za kulala ukiingia chini ya kitanda kuna pete za chuma, watu wanafunga mabegi yao kwa minyororo inayouzwa stesheni, na wengi walikuwa wanahangaika wapitishe wapi mnyororo. Sisi fundi alishaacha kitanzi cha mkanda wa lori pale chini, mnyororo ukapita tukalala. Tulishuka Kollam makusudi kabisa. Ukiwa mtoto wa mkulima wa korosho wa Mtwara hilo jina umelisikia, huko ndo kuna viwanda vya kubangua vya toka zamani na korosho ghafi ya Afrika inafika mpaka pale. Tukaona wamama wamekaa kwenye mistari wanabangua, vidole vimepauka na yale mafuta ya ganda, na nje magunia ya juti yamepangwa kama ya ghalani kwetu. Mi nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu na vidole vyake. Mama mmoja aligusa kiraka cha gunia kilichokuwa kinachungulia chini ya begi langu akacheka akasema kitu kwa lugha yao, sikuelewa, nikacheka naye.

Thailand napita haraka, tulipumzika zaidi, mabegi yalikaa chumbani.

Vietnam ndo mvua ilitupata ya kweli. Tulikuwa Hue, katikati ya nchi, siku nne haikati. Vile vifuniko vya mvua alivyoshona mzee kwa turubai laini vilishika vizuri, ila mshono wa juu wa kifuniko changu ulikuwa unapitisha matone maana hakuuziba kwa gundi, nguo mbili zikalowa. Ni kosa dogo lakini ni kosa, mwambieni atie gundi ile ya viatu kwenye mshono. Mabasi ya usiku ya kule unalala kabisa kwenye vitanda vya ghorofa, viatu unavua mlangoni unapewa mfuko wa plastiki, mabegi yanakwenda chini kwenye buti pamoja na pikipiki na maboksi na kila kitu. Begi la mume wangu lilitoka na doa la oili ambalo lipo mpaka leo. Turubai lilifutika, kitambaa cha juu hakikufutika.

Malaysia na Singapore kama unajiuliza, kwa paspoti yetu tuliingia bila kuomba viza, na Fiji hivyohivyo. Vietnam tuliomba kwa mtandao. Ya New Zealand ndo ya kujipanga mapema na makaratasi mengi, tuliianza kabla hata hatujapeleka mabegi kwa fundi.

Haya ule mlango wa viatu. New Zealand hawataki udongo wa kigeni uingie nchini kwao kwa sababu ya magonjwa ya mimea na wadudu, kwenye fomu unaulizwa kama una viatu vya kutembelea porini, una chakula, una hema, na ukificha faini ya palepale ni dola 400 za kwao. Tukajaza kila kitu ndiyo. Afisa akasema nionyesheni viatu. Watu wa mbele yetu walikuwa wameshamwaga begi zima sakafuni, soksi na chupi mbele za watu, wanatafuta viatu viko chini kabisa. Mimi nikafungua kale kamlango pembeni, nikatoa viatu, basi. Akavitazama soli, vilikuwa na tope la zamani kwenye mikato, akavichukua wakaenda kuvisafisha akavirudisha. Akatia mkono ndani ya kile chumba, tope lote limeishia mle kwenye turubai halijagusa nguo, akapangusa na kitambaa. Korosho zetu za kukaanga za paketi akaziangalia akaturudishia. Dakika kumi tumetoka. Nikamwambia mume wangu palepale, mzee huyu tukirudi tunampelekea zawadi.

Halafu Tongariro, hukohuko New Zealand, tulizunguka ile njia ya siku nne kwenye milima ya volkano, unalala kwenye vibanda vya hifadhi na unajibebea chakula chako chote, mgongoni ilifika kilo 14. Upepo pale juu karibu na shimo la volkano la Red Crater unakusukuma pembeni, na ile changarawe nyeusi ya volkano inaingia kila mahali. Zipu zikaanza kulia. Mzee alitupa kipande cha mshumaa siku ya kuondoka akasema zipu ikiwa nzito msivute, sugueni huu, na tukasugua zikateleza. Kipande chenyewe kilikuwa cha kidole kimoja, kilitufikisha mwisho wa safari.

Kitu kilichoshindwa ni sponji ya mkanda wa kiunoni wa begi la mume wangu, mwezi wa tano wa safari ilishakuwa nyembamba kama chapati na akapata kidonda kiunoni huko New Zealand. Sponji ya magodoro haifai kwa kilo 14 kwa muda mrefu, inabidi ile ngumu ya makochi. Na klipu moja ya kifuani ilivunjwa uwanja wa ndege, hiyo sio ya fundi.

Fiji tulikaa wiki tatu, boti za kwenda visiwa vya Yasawa zinatia mabegi mbele kwenye sitaha na mawimbi yanayaosha kabisa. Jirani yetu kwenye boti zipu yake ya chuma iligoma siku ya nne, ikabidi akate. Za kwetu tulikuwa tunasuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, zilifunga mpaka siku ya mwisho.

Kwa ushonaji nampa 10 kwa 10. Kwa muda nampa 4.

Wiki iliyopita tulimpelekea mabegi na shati tulilomnunulia Nadi kule Fiji, lile la maua. Shati alilikunja akaliweka kwenye boksi la uzi, akalivuta begi la mume wangu akaingiza mkono kwenye mkanda wa kiunoni, akaminya sponji. Akasema hapa nilikosea. Akatoa kisu akaanza kufumua, hakutuuliza hata bei. Tumelifuata juzi, ameweka sponji ngumu ya makochi na safari hii alimaliza siku aliyosema.

Yupo kila siku toka saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, Ijumaa mchana anafunga kwenda swala. Hana simu janja, hana kibao. Waulize wauza magunia nyuma ya soko fundi mabegi yuko wapi watakuonyesha, na nenda na kila kitu unachotaka kubeba, atakipima mwenyewe.