Kudai kwa uzembe au kwa kasoro ya bidhaa?

Aliyeumizwa na bidhaa mbovu anaweza kudai fidia kwa njia mbili. Ya uzembe, iliyopata msingi wake Uingereza mwaka 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, inamtaka athibitishe kwamba mtengenezaji hakuchukua tahadhari ipasavyo. Hapo ndipo wengi hukwama: kumbukumbu za kiwandani, matokeo ya vipimo na malalamiko ya wateja wengine, vyote vimo mikononi mwa mdaiwa.

Njia ya pili, dhima bila kosa (mtengenezaji huwajibika hata kama hakuzembea), iliyokubaliwa California mwaka 1963, haiulizi mtengenezaji alijitahidi kiasi gani. Mdai huthibitisha kasoro, madhara, na kwamba kasoro ndiyo iliyoyaleta. Ni nyepesi zaidi, lakini si kila nchi inayo, na ina ukomo wake: Ulaya, sheria ya 1985 iliweka miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni.

Panaporuhusiwa zote mbili, ziwekwe pamoja katika hati ya madai; moja ikianguka, nyingine inabaki. Na kifaa chenyewe kisirekebishwe wala kurudishwa dukani (kosa la kawaida mno!), kwa sababu mtaalamu atahitaji kukikagua kilivyokuwa.