Kabla hujanunua usukani wa gemu, uliza kwanza breki yake inajua nusu

Naanza na ujinga wangu mwenyewe msije mkaona nawafundisha. Nilitoa laki moja na themanini taslimu kwenye duka moja Kariakoo, nikabeba boksi kubwa lina picha ya gari jekundu, ndani usukani wa gemu na pedali zake mbili, nikapanda nalo daladala nimelipakata kama mtoto. Kibodi ilikuwa imenichosha, vidole vinauma na kila kona gari linaenda kuchuma majani. Nikafika nyumbani nikaufunga mezani, nikachomeka, nikaingia uwanja wa Monza kwenye gemu ya mbio ya Assetto Corsa na gari la kizamani lisilo na ABS, ule mfumo unaozuia matairi kujifunga ukishika breki, nikafika ile chikeni ya kwanza, zile kona kali za kushoto-kulia, nikakanyaga breki. Matairi yakajifunga yote manne. Nikarudia, safari hii nakanyaga kwa dole gumba la mguu. Vilevile.

Kesho yake nikachukua bisibisi nikafungua pedali. Ndani kuna swichi moja tu, mtoto wa swichi, kama ile iliyo chini ya kitufe cha mausi. Ukikanyaga nusu hamna kitu kinachoenda kwenye kompyuta, ukifika mwisho inalia tik na breki inakuwa asilimia 100. Yaani nimelipa laki na themanini kununua kibodi ya miguuni.

Nilipoanza kulalamika ndo nikajua tupo wengi, kuna mmoja ananiambia alidhani mguu wake ndo mzito, amefanya mazoezi wiki mbili! Kwahiyo mwongozo huu sitaongelea sana mambo ya usukani una nyuzi ngapi, una vitufe vingapi, una taa, una ngozi, hayo yote yameandikwa kwenye boksi na muuzaji atakuimbia. Mimi nina swali moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: breki yake inajua nusu?

Kwanini nimeshikilia hapo. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na huo huo ndo unagawana kusimamisha gari na kukata kona. Ukiumaliza wote kwenye breki haubaki wa kona, gari linateleza mbele kama sinia kwenye sakafu yenye maji hata ukizungusha usukani mpaka mikono ipishane. Ndo maana dereva anabana breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, halafu anaiachia taratibu huku analiingiza kwenye kona, kila nguvu anayoitoa kwenye breki anaipeleka kwenye usukani. Sasa kama breki yako inajua sifuri na mia tu, utaachiaje taratibu? Huwezi. Utadonadona kitufe kama kuku, na ukiona umeshindwa unawasha ABS ya gemu, unawasha na ile ya kuzuia matairi kuzunguka bure, mwishowe gemu ndo inaendesha wewe umekaa abiria.

Na kibodi angalau gemu zinaionea huruma. Ukishikilia mshale wa kushoto gemu nyingi hazikati usukani wote papo hapo, zinaupeleka kidogokidogo, na zingine zina sehemu ya kupangilia kasi hiyo kwenye mipangilio. Usukani wa swichi hauonewi huruma na mtu, gemu inaona usukani inadhani na breki nayo ni ya kweli.

Kupima ni dakika mbili, na mtu akikukatalia kupima ondoka dukani kwake. Nenda na laptopu yako yenye Windows, chomeka, bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kinakuja kidirisha chenye orodha, chagua kifaa chako, fungua sifa zake. Utaona vistari vinapanda na kushuka. Kanyaga breki pole pole sana. Kistari kikipanda pole pole na mguu wako, poa. Kikikaa kimya halafu kikaruka mpaka juu, au kisitingishike kabisa badala yake kikawaka kiduara chenye namba, hiyo ni swichi, rudisha kwenye boksi. Halafu kanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kuna sukani pedali zote mbili zinatumia kistari kimoja, moja inavuta juu nyingine chini, ukikanyaga zote zinafutana. Hiyo nayo kwa gemu za mbio ni balaa.

Haya, mpangilio wangu sasa. Mtakaokasirika kasirikeni.

Namba moja ni Logitech na sioni aibu kusema nina upendeleo. G29 kwa wenye PlayStation, G920 kwa wenye Xbox, zote mbili kwenye kompyuta zinakubali kwahiyo kama una kompyuta tu chukua utakayoipata kwa bei nafuu. G29 imetoka 2015, ni ya kizamani, na G923 iliyokuja 2020 kwa mkono wangu mimi sikuona tofauti ya kunifanya niongeze hela. Usukani unazunguka nyuzi 900, karibu kama gari la kweli, una mota ndani zinazokurudishia nguvu mkononi ukipanda ukingo au tairi likianza kuteleza, na pedali zipo tatu, klachi ipo. Lakini mimi nimeipendea breki. Ndani ya pedali ya breki ya G29 kuna mpira mgumu, ukikanyaga inaenda laini halafu inagota kwenye mpira, kuanzia hapo unaongeza kwa nguvu ya mguu sio kwa umbali. Siku za kwanza utailaani. Kiti changu kilikuwa na magurudumu, kila nikikanyaga breki narudi nyuma mpaka kwenye friji, nikaishia kukiwekea tofali mbili. Baada ya wiki mguu unakariri na huelewi uliishije bila huo mpira.

Ubaya wake nausema pia. Sensa za pedali zake ni zile za kusuguana, vumbi likiingia kistari kinaanza kurukaruka, unajikuta unafunga breki kidogo wakati mguu haujaigusa pedali. Hapa kwetu vumbi halina msamaha. Dawa ni ile spreyi ya kontakti wanayotumia mafundi redio, unafungua, unapuliza, unakanyagakanyaga, inarudi. Yangu nimepuliza mara mbili.

Ukinunua ya mtumba, na wengi tutanunua ya mtumba tusidanganyane, hakikisha ina adapta yake ya umeme. Nimeona nyingi zinauzwa bila adapta na muuzaji anakwambia inatumia USB tu, muongo. Ukichomeka umeme na USB, usukani unatakiwa ujizungushe wenyewe kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, urudi katikati. Usipojizungusha usitoe hela. Bei nilizotajiwa mimi zilianzia laki saba za mtumba mpaka milioni na ushee za kwenye boksi, usukani ule ule, model ile ile, mtaa ule ule.

Namba mbili itawashangaza: padi ya Xbox ya kawaida, ya waya. Sio Thrustmaster, wale washindani wa Logitech kwenye sukani, nimesema padi. Zile triga zake mbili za kuvuta na kidole cha shahada zinajua nusu, zinajua robo, zinajua hata kugusa tu, na Windows inaitambua palepale bila programu yoyote. Usukani wa kijiti cha gumba ni mfupi kweli, ila gemu zinalainisha. Nilikaa na padi miezi mitano nikisubiri kupata hela ya G29 na muda wangu wa Monza ulishuka kuliko nilipokuwa na ule usukani wa laki na themanini, nimeshasema wapi shida ilikuwa. Ya PS4 nayo triga zake zinajua nusu, tatizo ni kwamba feki zimejaa. Padi ya GameSir G7 SE pia nzuri, ina sensa za sumaku kwenye vijiti na kwenye triga kwahiyo hazisuguani, kile kiugonjwa cha gari kuvuta upande wenyewe hakiji haraka.

Ila sio kila padi! Zile za USB za bei ya chipsi kuku zenye umbo la padi ya PS2, L2 na R2 zake ni vitufe tu, sifuri na mia. Kinachoniuma ni kwamba padi halisi ya PS2 vitufe vyake vilikuwa vinasikia umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, waliokopi wamekopi umbo wakaacha roho. Na hata padi ya Nintendo Switch Pro, ya gharama kabisa, triga zake ni vitufe vilevile. Kwahiyo bei peke yake haikwambii kitu.

Tatu ni Thrustmaster, T128 au T150. Zina mota, breki inajua nusu, na T128 sensa za pedali ni za sumaku, hapo wamewapiga bao Logitech nakubali. Lakini pedali zinazokuja nazo ni mbili na breki haina ule mpira, laini mno kwa mguu wangu, unafika mwisho bila kujua. Kama umeipata kwa bei nzuri chukua.

Usukani wa Moza R5 na wenzake, wale ambao mota imeshika usukani moja kwa moja, nguvu ya kuzungusha 5.5 Nm, ni vitu vya watu wenye chumba cha gemu. Meza yangu ya mbao laini ingekatika. Tusonge.

Nne ni kibodi na mausi, unazungusha gari kwa mausi. Watu wanadharau ila Live for Speed, gemu ya tangu 2003 inayokubali kompyuta mbovu na yenye demo ya bure, kuna watu wanatumia mausi humo wanakuacha bila salamu. Usukani unapata nusu, breki bado ni kitufe. Waholanzi wa Wooting wana kibodi ambayo kila kitufe kinajua umekibonyeza nusu, mimi sijaikuta dukani hapa na ukiiagiza jiandae na ushuru.

Tano kibodi ya kawaida. Kwa Euro Truck Simulator 2 inatosha kabisa, lori halina haraka, nimepeleka mizigo mingi nikiwa na mishale tu na chai pembeni. Waliozoea gemu za mabasi kwenye simu nao hawataona shida. Angalia kitu kimoja: kibodi za bei rahisi ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, mfano mshale wa mbele, wa kushoto na kitufe cha gia, kimoja kinamezwa. Badilisha vitufe mpaka upate vinavyoelewana.

Wa mwisho, chini ya kibodi ambayo tayari unayo bure, ni sukani za swichi. Sina la kuongeza.

Sasa wauzaji, jamani. Unaona tangazo la usukani mtandaoni, picha safi, maelezo hamna, bei wameandika njoo inbox. Unaenda inbox unaulizwa uko wapi dada. Bei inategemea niko wapi? Ukienda dukani unaulizwa unamnunulia mtoto, nikisema ni wangu anacheka, halafu kila usukani kwake ni "wa PS", nikiuliza pedali ni swichi au sensa ananijibu hii ni original. Sijauliza original! Kisha linakuja lile la unataka na risiti au bila risiti, bei mbili, na ukichagua ya risiti chini imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi nilirudi na boksi langu siku ya pili, pedali nimeshaifunga vizuri, jamaa akaangalia akasema mbona inafanya kazi, akabonyeza kwa mkono, tik. Ni kweli, tik ilifanya kazi.

Saivi nimeutangaza niuuze, elfu sitini, nimeandika wazi kabisa pedali ni swichi, haufai kwa mbio, labda mtoto achezee. Amepiga simu mtu mmoja tu. Hakuuliza pedali wala nini. Kaniuliza, "Dada, mwisho shilingi ngapi?"